Muuaji wa Koitalel aliyeumbuliwa na ndege wa wizi

Kanali Richard Meinertzhagen alipofariki dunia jijini London mnamo Juni 17, 1967, akiwa na umri wa miaka 89, alikuwa na sifa ambazo wanaume wengi wa kizazi chake wangezionea gere. Alijulikana kama mwanajeshi shupavu, jasusi hodari na bingwa wa elimu ya ndege ambaye mchango wake ulijaza makabati katika jumba mashuhuri la makumbusho nchini Uingereza.

Katika vilima vya Nandi, maelfu ya kilomita kutoka London, jina hilo lilitajwa kwa namna nyingine kabisa. Huko wazee waliwasimulia wajukuu wao habari za ofisa wa Kizungu aliyemwita kiongozi wao kwenye mazungumzo ya amani, kisha akampiga risasi.

Kwa miaka mingi masimulizi hayo mawili yaliishi sambamba bila kukutana. Moja lilichapishwa vitabuni, likasomwa na kuaminiwa. La pili lilibaki midomoni mwa watu waliotawaliwa, na huko Ulaya wengi walilichukulia kuwa malalamiko ya walioshindwa vitani. Kilichoutikisa ukuta uliotenganisha masimulizi hayo hakikuwa mahakama wala tume ya serikali. Kilikuwa ni ndege wafu waliojazwa pamba, ambao marehemu alidai aliwawinda mwenyewe.

Mtoto wa matajiri

Meinertzhagen alizaliwa London mnamo Machi 3, 1878, katika familia ya mabenki yenye asili ya Ujerumani. Mama yake, Georgina Potter, alikuwa dada ya Beatrice Webb, mwanamke aliyevuma kwa maandishi yake kuhusu hali ya wafanyakazi. Mume wa Beatrice, Sidney Webb, ndiye aliyekuja kuwa Waziri wa Makoloni mnamo 1929 kwa jina la Lord Passfield, na hatima ya Kenya ikawa mikononi mwake kwa muda.

Kijana huyo alikulia katika jumba la kifahari la Mottisfont, kusini mwa Uingereza, na kusomea katika shule ya Harrow. Tangu utotoni alipenda ndege. Yeye na kaka yake Daniel walitumia siku nzima wakiwatazama, wakiwachora na kuwaandika. Daniel alifariki mnamo 1898 angali kijana, na mdogo mtu akaendelea na mapenzi hayo peke yake.

Baba yake alitaka aingie katika biashara ya benki, lakini kazi hiyo haikumpendeza. Mnamo 1899 alijiunga na kikosi cha Royal Fusiliers na kupelekwa India. Miaka mitatu baadaye, mnamo 1902, alihamishiwa Afrika Mashariki katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wananchi walilifupisha na kuliita Keya.

Nchi iliyoitwa Kenya baadaye ilikuwa bado inanyakuliwa wakati huo. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika ziwani mnamo Desemba 1901, na utawala mpya ulitaka kila jamii iliyo kandokando yake itii. Kazi ya maofisa kama Meinertzhagen ilikuwa kuhakikisha utii huo kwa mtutu wa bunduki.

Katika shajara aliyochapisha uzeeni, yeye mwenyewe alieleza jinsi mnamo 1902, baada ya mlowezi mmoja kuuawa kikatili katika nchi ya Wakikuyu, alivyoamuru kijiji kizima kiangamizwe usiku isipokuwa watoto. Aliyaandika hayo bila kuonyesha kujuta.

Wakati huohuo alikuwa akijijengea jina katika sayansi. Mnamo 1904 alipeleka London mabaki ya nguruwe mkubwa mweusi wa msituni ambaye wataalamu wa Ulaya hawakuwa wamemtambua hadi wakati huo. Mnyama huyo, anayepatikana katika misitu kama Aberdare na Mlima Kenya, alipewa jina la kisayansi la Hylochoerus meinertzhageni. Wenyeji wa misitu hiyo walikuwa wakimjua tangu enzi za mababu, lakini katika vitabu vya sayansi aligunduliwa na kijana huyo wa miaka 26. Ugunduzi huo ulikuwa wa kweli, na haujawahi kupingwa.

Oktoba 19, 1905

Wanandi walikuwa wamewasumbua Waingereza tangu 1895. Walishambulia misafara, wakakata nyaya za simu na kung'oa vyuma vya reli ili wafulie silaha na mapambo. Kiongozi wao alikuwa Koitalel arap Samoei, Orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho ambaye ushauri wake ulifuatwa katika vita na amani. Baba yake, Kimnyolei arap Turukat, anakumbukwa kwa utabiri wake kuwa nyoka wa chuma atemaye moshi angepita katika nchi hiyo. Kimnyolei aliuawa na watu wake mwenyewe mnamo 1890 baada ya kulaumiwa kwa maafa yaliyowapata.

Kufikia 1905, Waingereza walikuwa wamechoka. Misafara kadhaa ya kijeshi ilikuwa imepelekwa Nandi bila kuumaliza upinzani, na mwingine mkubwa zaidi ulikuwa ukiandaliwa. Meinertzhagen, aliyekuwa na cheo cha kapteni, aliamini kuwa upinzani wote ulimtegemea mtu mmoja. Aliona kuwa Orkoiyot akiondolewa, Wanandi wangesambaratika.

Ndipo akatuma ujumbe akiomba mkutano wa kutafuta amani. Koitalel alikubali. Walikutana asubuhi ya Oktoba 19, 1905, karibu na mahali ulipo sasa mji wa Nandi Hills. Kwa mujibu wa masimulizi ya Wanandi, Koitalel alikuja kwa nia njema, akanyosha mkono kumsalimu mgeni wake, na wakati huohuo akapigwa risasi. Askari waliokuwa wamejificha wakafyatua bunduki zao, na zaidi ya watu 20 waliofuatana na kiongozi huyo wakauawa papo hapo.

Meinertzhagen alieleza vingine. Alidai kuwa Koitalel ndiye aliyetega mtego, kwamba alipompa mkono alimvuta kwa nguvu huku mishale ikirushwa, na kwamba yeye alijitetea tu.

Hata baadhi ya Wazungu wenzake hawakuridhika na maelezo hayo. Minong'ono ya usaliti ilienea hadi ikalazimu uchunguzi ufanywe. Mabaraza matatu ya kijeshi yaliketi, na yote matatu yakamwondolea lawama. Hata hivyo, wakuu wa serikali waliona kuwa kuendelea kuwapo kwake kungeharibu uhusiano na wenyeji, na mnamo 1906 akaondolewa Afrika Mashariki. Kwa maneno mengine, hakupatikana na hatia, lakini hakutakiwa pia abaki.

Kwa Wanandi, msiba haukuishia kwa kifo cha Koitalel. Msafara mkubwa wa kijeshi uliofuata ulichoma nyumba na kuteka maelfu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Watu walisukumwa katika eneo walilotengewa, na mashamba yenye rutuba yakagawiwa walowezi. Mwana wa Koitalel, Barsirian arap Manyei, alikamatwa mnamo 1923 akishukiwa kupanga maasi, na hakuachiliwa hadi 1964, baada ya uhuru. Miaka hiyo 41 inamfanya awe miongoni mwa wafungwa wa kisiasa waliozuiliwa kwa muda mrefu zaidi katika historia ya nchi hii.

Sifa zaongezeka

Kuondolewa huko hakukumzuia Meinertzhagen kupanda. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mnamo 1914, alirudi Afrika Mashariki akiwa ofisa wa ujasusi. Alishuhudia Waingereza wakitimuliwa Tanga mnamo Novemba mwaka huo na jeshi dogo la Wajerumani lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Baadaye alijisifu kwamba majasusi wake walikusanya hata karatasi zilizotupwa na maofisa wa Kijerumani vyooni, wakazisoma siri zao.

Jambo lililompa umaarufu wa dunia lilitokea Palestina mnamo Oktoba 1917. Waingereza, chini ya Jenerali Edmund Allenby, walitaka kuwahadaa Waturuki wadhani kuwa shambulio lingekuja Gaza badala ya Beersheba. Ofisa mmoja alipanda farasi hadi karibu na ngome za adui, akajifanya amejeruhiwa, akatoroka na kuacha nyuma mkoba wenye damu uliojaa barua na mipango ya uongo. Beersheba ilitekwa Oktoba 31.

Meinertzhagen alisema kuwa wazo hilo lilikuwa lake, na kwamba mpanda farasi huyo alikuwa yeye. Hadithi hiyo ilirudiwa katika vitabu na hata kuonyeshwa katika filamu iliyotolewa 1987. T.E. Lawrence, yule aliyevuma kwa jina la Lawrence wa Arabuni, alimwelezea katika kitabu chake kama mtu wa ajabu mwenye akili na ukatili, na maelezo hayo yakamkuza zaidi.

Mnamo 1919 alihudhuria mkutano wa amani wa Paris, kisha akawa ofisa mkuu wa siasa huko Palestina. Alipostaafu jeshi alirudia ndege wake. Alisafiri Asia, Arabuni na Afrika, akaandika vitabu kuhusu ndege wa Misri na wa Arabuni, na mnamo 1954 akalikabidhi jumba la makumbusho ya historia ya viumbe la London ndege wapatao 20,000 waliokaushwa. Kila mmoja alikuwa na lebo iliyoeleza mahali alipopatikana, tarehe na jina la mwindaji.

Shajara yake ya Kenya ilichapishwa mnamo 1957, wakati hali ya hatari iliyotangazwa kwa sababu ya vita vya Mau Mau ilipokuwa ingali inaendelea. Wasomaji walistaajabu kukuta kwamba tangu miaka ya mwanzo ya karne alikuwa ametabiri kuwa Wakikuyu wangekuwa miongoni mwa wa kwanza kudai uhuru. Mwaka huohuo alitunukiwa nishani ya CBE na malkia. Alipozikwa, jina lake lilikuwa limekwisha kuingia katika orodha ya mashujaa.

Siku za mwizi

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Kwa Meinertzhagen, siku hizo zilichukua miongo kadhaa, na alikwisha kuzikwa zilipotimia.

Dalili zilikuwapo mapema. Mnamo 1919 makumbusho hayo ya London yalimpiga marufuku kwa muda kuingia chumba cha ndege baada ya kumkuta akiondoka na mali isiyo yake. Wafanyakazi wa humo waliendelea kumshuku kwa miaka mingi, lakini hakufikishwa mahakamani. Alikuwa mtu wa tabaka la juu, mwenye marafiki wenye vyeo, na zaidi ya hayo alikuwa na mkusanyiko ambao makumbusho yaliutamani. Watu walinong'ona, wakanyamaza.

Mnamo 1993, mtaalamu wa ndege Alan Knox alichapisha uchunguzi kuhusu aina ya ndege wadogo wa Ulaya waliokuwa katika mkusanyiko huo. Alionyesha kuwa baadhi yao walikuwa wameibwa kutoka mikusanyiko mingine, wakabandikwa lebo mpya zenye mahali na tarehe za kubuni.

Baada ya hapo, Mmarekani Pamela Rasmussen, akishirikiana na Robert Prys-Jones wa makumbusho hayo, alianza kuwakagua ndege hao mmoja baada ya mwingine. Njia yao ilikuwa rahisi kueleweka. Kila fundi wa kukausha ndege ana mkono wake, kama vile fundi cherehani anavyojulikana kwa mshono wake. Namna ya kupasua ngozi, kujaza pamba na kufunga mifupa haifanani kati ya mtu na mtu. Kwa kutumia picha za eksirei, watafiti waligundua kuwa ndege wengi waliodaiwa kuwindwa na Meinertzhagen walitayarishwa kwa mikono ya watu wengine, baadhi yao miaka mingi kabla.

Kisa kilichowashangaza wengi ni cha bundi mdogo wa msituni nchini India. Kwa miaka zaidi ya 100 hakuna mtaalamu aliyekuwa amempata, ila Meinertzhagen, aliyedai kuwa alimwinda mmoja katika jimbo la Gujarat mnamo 1914. Rasmussen alithibitisha kuwa bundi huyo aliibwa. Alikuwa ametayarishwa na mkusanyaji mwingine, James Davidson, katika karne ya 19. Lebo hiyo ya uongo ilipotupiliwa mbali, watafiti walirudi kwenye kumbukumbu za wakusanyaji waaminifu, na mnamo Novemba 1997 wakamwona bundi huyo akiwa hai katika jimbo la Maharashtra. Ndege aliyedhaniwa kutoweka alikuwa akitafutwa mahali pasipo pake kwa sababu ya mtu mmoja aliyependa sifa.

Shajara yatiliwa shaka

Mtu aliyedanganya juu ya ndege angeaminiwaje juu ya mambo mengine? Swali hilo lilimfanya mwandishi Mmarekani Brian Garfield kuchunguza maisha yake yote, na mnamo 2007 akatoa kitabu kilichombomoa marehemu. Kwa mujibu wa Garfield, wazo la mkoba wa Beersheba lilikuwa la ofisa aliyeitwa J.D. Belgrave, na aliyepanda farasi ni Arthur Neate. Belgrave aliuawa vitani mnamo 1918, hivyo hakuwapo kupinga.

Shajara nazo hazikusalimika. Zilipigwa taipu katika karatasi zisizoshonwa, na kuna dalili kuwa kurasa kadhaa ziliandikwa upya miaka mingi baada ya tarehe zilizoandikwa juu yake. Hata ule utabiri kuhusu Wakikuyu hauwezi tena kuchukuliwa kuwa ushahidi wa kuona mbali, kwa kuwa mwandishi alikuwa na nafasi tele ya kuurekebisha kabla ya 1957.

Wapo waliosema kuwa Garfield alivuka mpaka. Alizua shaka hata juu ya kifo cha mke wa pili wa Meinertzhagen, Anne, mtaalamu wa ndege aliyefariki kwa kupigwa risasi huko Scotland mnamo 1928. Kifo hicho kilirekodiwa kuwa ajali, na hakuna ushahidi uliowahi kuthibitisha vinginevyo. Wengine walikumbusha kuwa marehemu hana kinywa cha kujitetea, na kwamba si uungwana kumsema asiyeweza kujibu.

Hoja hiyo ina uzito katika jamii zetu, ambamo maiti husitiriwa na mabaya yake kufukiwa pamoja naye. Hata hivyo, Koitalel naye alikuwa marehemu. Kwa zaidi ya nusu karne Meinertzhagen aliishi akimsema mtu aliyemuua, akimwita msaliti katika maandishi yaliyosambazwa duniani, na Koitalel hakuwa na kinywa cha kujitetea.

Kuna tahadhari nyingine pia. Ikiwa shajara si za kuaminika, basi haziwezi kuaminiwa pale tu zinapomtia hatiani. Idadi ya watu anaodai kuwaua katika misafara yake inahitaji kupimwa kwa uangalifu, kwa kuwa mtu apendaye kujikweza huweza kuongeza hata maovu. Lakini kifo cha Koitalel hakitegemei shajara. Kilichunguzwa mara tatu, kikaandikwa katika kumbukumbu za serikali, na kikahifadhiwa na watu waliofiwa. Kilichobishaniwa ni nani aliyevunja ahadi ya amani. Upande mmoja ulikuwa na ushuhuda wa jamii nzima. Upande wa pili ulikuwa na neno la ofisa mmoja, na neno hilo limekwisha kupoteza thamani.

Fimbo zarudi

Mnamo 2006, fimbo tatu za uongozi za Koitalel, ambazo Meinertzhagen aliondoka nazo baada ya mauaji, zilirejeshwa Kenya kutoka kwa mwanawe nchini Uingereza. Wanandi walizipokea kama mtu anayempokea jamaa aliyepotea. Leo mjini Nandi Hills lipo jumba la kumbukumbu ya kiongozi huyo, karibu na mahali alipouawa.

Kisichorudi ni kichwa. Wanandi wanaamini kuwa Koitalel alikatwa kichwa na kikapelekwa Uingereza, na familia yake imekuwa ikikidai ili kiongozi wao azikwe kwa heshima. Madai hayo yalisikika tena mnamo Oktoba 2023, Mfalme Charles alipokuwa akitarajiwa kuzuru Kenya.

Huko Uingereza, ndege wa Meinertzhagen wangali wamehifadhiwa. Hawakutupwa. Kazi ya kuwachunguza imekuwa ya kutenganisha kweli na uongo, ili anayesoma lebo asipotoshwe tena. Ilihitaji wataalamu, mitambo na miaka mingi kubaini kuwa kapteni huyo hakuwa mkweli. Wazee wa Nandi walikuwa wamelisema jambo hilohilo tangu Oktoba 1905, bila eksirei, na hawakusikizwa.